Bahati ya Siraji kwenye Barabara ya Oraba

Jumatatu, 4 Agosti

Katika Koboko nzima, na nikitaka naongeza Arua, hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, Siraji wa matairi. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilishika kamba nyuma ya lori nikiwa juu ya baiskeli, lori linakwenda Kaya, ng'ambo ya mpaka, na mbio zake. Kamba ikakatika. Nikaanguka, na lori la pili likapita juu yangu: magurudumu ya kushoto huku, ya kulia kule, mimi katikati kama nyama ndani ya chapati. Nikaamka nikajipangusa. Mfukoni nilikuwa na yai la kuchemsha. Halikupata hata ufa.

Naanza na hadithi hiyo ili msomaji ajue anasoma nani. Mindra, mwenyekiti wa Klabu yetu ya Huduma, ameniagiza niandike yanayotokea mpaka mvua zipungue, halafu yeye atatoa humu habari za klabu za kupeleka kwa wenzetu wa Arua. Mindra alikuwa nesi. Amestaafu, lakini bado anakutazama kama anatafuta mahali pa kuchoma sindano. Nilimwambia mimi shule niliishia darasa la sita. Akasema, "Siraji, mdomo wako una digrii. Andika tu."

Ni kweli. Shule sikukaa, lakini nimekaa Yei, Juba, Ariwara na Bunia, na kote huko watu walilia nilipoondoka. Wengine kwa huzuni.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua. Nimeziba pancha, nimeuza tairi moja.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo klabu ilikwenda shuleni kuongea na vijana. Tulivaa fulana zetu nyeupe. Yangu imenibana tumboni, lakini Mindra anasema hakuna kubwa zaidi nchini Uganda.

Kazi yetu ni kuwaepusha watoto na mambo mabaya, na mambo mabaya hayakai mahali pamoja. Zamani tulipigana na waragi, ile pombe kali ya vipakiti. Vipakiti vikaondolewa, tukasikia mairungi, yale majani ya kutafuna. Tukaanza kupigana na mairungi, vijana wakahamia shisha. Tukajifunza kutamka shisha, kumbe wenyewe wako kwenye simu wanabeti mpira wa nchi ambazo hawawezi kuzionyesha kwenye ramani. Mindra ana hotuba ya kila kitu. Mimi ninafungua, kwa sababu mtoto aliyecheka husikiliza. Kwa hiyo nikawapa tena hadithi ya lori, kama kila muhula.

Nikaiongeza chumvi kidogo. Mayai yakawa mawili, na mabichi. Nikawaonyesha nilivyoanguka: "Nililegeza mwili wote, hivi, kama nguo kwenye kamba! Mtu anayejikaza ndiye anayevunjika!" Mvulana mmoja mrefu, Sule, alicheka mpaka akashika ukuta. Shakirah wangu alikaa mstari wa mbele, anatazama wenzake kama kusema, mnaona nyumba ninayotoka?

Shakirah ni binti wa kaka yangu Asuman, ambaye yuko Juba. Amekaa kwangu tangu ana miaka saba, sasa kumi na sita. Ananiita Bamdogo. Mimi na Kaltumu tulizaa mmoja tu, Hamuza, naye ni mtu mzima ana nyumba yake. Kwa hiyo kelele yote ya nyumba yetu ni Shakirah, na bila yeye pangekuwa kimya kama ofisi siku ya Idi.

Alhamisi, 14 Agosti

Habari kubwa! Mindra aliwauliza wanafunzi kwa siri, bila majina, kama kila mwaka. Wanaokunywa wamepungua sana. Wanaokunywa mwisho wa wiki karibu hawapo kabisa. Mindra alisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Nimemwandikia kipande cha habari: "Klabu ya Huduma ya Koboko inafurahi kutangaza kwamba ulevi wa vijana umeanguka chali. Wajuzi wanasema ni kwa sababu ya hotuba zenye kuchangamsha." Mindra aliuliza wajuzi ni nani. Nikamwambia wanapenda kubaki bila majina.

Jumanne, 19 Agosti

Biashara imepanda. Kila jioni vijana wanaleta baiskeli: kaza hii, ziba hiyo, jaza upepo mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe. Sule alitaka usukani wake ufungwe chuma cha kushikia upande mmoja. Nikamfungia vizuri. Akaniambia, "Mzee, jaribu basi uone." Nikamwambia fundi hajaribu, fundi anajua.

Na sikiliza hii. Kwenye mkinga-matope wa baiskeli yake wameandika kwa rangi nyekundu: BAHATI YA SIRAJI. Nikahesabu baiskeli nyingine nne zenye maneno hayo. Niliingia ndani nikamwita Kaltumu aje kuona. Aliangalia, akasema, "Kwa nini?"

"Kwa nini nini? Watoto wanapenda mtu."

Akarudi kwenye ugali wake. Wivu huo.

Jumatano, 27 Agosti

Arua. Mkutano na wenzetu wa klabu kubwa. Nilikaa kiti cha mbele kwenye gari la Mindra. Wote wamevaa koti, mimi nimevaa kanzu na miwani ya jua, ungedhani mimi ndiye mgeni rasmi. Habari yetu ya ulevi ilipigiwa makofi. Wakataka kusikia yule mchangamshaji. Nikasimama. Mayai yakawa trei nzima, nimeifunga kwenye keria, trei inaruka juu, inatua, hakuna lililovunjika isipokuwa moja, na hilo nikalila.

Mama mmoja alicheka mpaka akamwaga soda. Mindra peke yake hakucheka. Njiani akasema, "Siraji, mara ya kwanza lilikuwa yai moja la kuchemsha."

Nikamwambia bahati inakua, kama mtoto.

Jumanne, 2 Septemba

Mvua ya siku nzima. Maji yameingia dukani, matairi yanaelea. Nimefurahia kuyaona yakipumzika.

Ijumaa, 5 Septemba

Leo naandika kirefu. Mindra, ukifika hapa, keti kwanza.

Nilikwenda Oraba kuchukua matairi ya mitumba. Mpakani malori yamejipanga mpaka mbali, yanangoja kuvuka. Loku, yule anayebadilisha pesa pale, ni rafiki yangu, mtu wa Yei, anajua kila sura inayopita. Aliniita kutoka chini ya mwavuli wake.

"Mzee Siraji, kuja. Kuja ona kitu."

Akanipa simu. Video. Trela linapanda kile kilima kikubwa cha barabara yetu, polepole, halafu linafika juu na kuanza kushuka. Nyuma yake kamba, na kwenye kamba baiskeli nne kama mkia. Upepo unapeperusha mashati. Wanaachia mkono mmoja na kupiga kelele: "Bahati ya Siraji! Bahati ya Siraji!" Wa mwisho ana kitambaa kichwani kimefungwa kwa nyuma. Akageuka kwenye kamera, akacheka.

Loku akasema, "Hii si mutoto yako?"

Watu wawili waliokuwa wanangoja pesa walikuja kuangalia. Mmoja akasema, "Huyu iko mukali kuliko wanaume!" Mwingine akaniuliza, "Na wewe ndio Siraji mwenyewe? Ya mayai?" Akanipa mkono. Nikaupokea. Mungu anisamehe, niliupokea na kutabasamu.

Loku akanitumia ile video, nikarudi kwa boda ya Okuonzi bila kusema neno. Okuonzi alisimama mara mbili kuangalia kama bado niko nyuma.

Nyumbani Shakirah alikuwa anachambua maharage na Kaltumu. Nikaweka simu mbele yake, video ikicheza.

"Hii nini?"

Akaitazama mpaka mwisho. "Aliyechukua video ametikisa mkono," akasema.

"Siulizi habari ya mkono!"

"Ni mimi, Bamdogo."

"Mtoto wa kike nyuma ya trela!"

"Ndiyo maana imetazamwa sana."

Nikauliza kama wanakunywa kwanza, labda ndiyo inawapa ujasiri huo. Akacheka kweli. "Nani atakunywa? Ukinywa, mkono unalegea. Sisi sheria yetu ya kwanza, mwenye pombe hashiki kamba. Hata soda yenye gesi wengine hawataki."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulevi wa mwisho wa wiki umeanguka chali. Jumamosi asubuhi ndiyo malori mengi yanaondoka pamoja, na vijana wanalala mapema siku ya Ijumaa kama wachezaji wa timu ya taifa. Na sisi tulipigiwa makofi Arua.

"Utakufa," nikamwambia.

"Wewe hukufa."

"Mimi nilikuwa na bahati."

"Na mimi ni mtoto wa ndugu yako. Damu ni hiyo hiyo." Alisema kwa upole, kama anayenifariji. "Nikianguka nitalegeza mwili. Nimefanya mazoezi kwenye godoro."

Kaltumu aliacha kuchambua. Mikono yake ilikaa ndani ya ungo, naye akanitazama, akangoja. Nilijua anangoja nini. Nikasema, "Baiskeli naifungia dukani," nikatoka nje kutafuta kufuli.

Jumamosi, 6 Septemba

Malori yamepita. Shakirah alikuwa nyumbani. Nilimwambia Mindra kuhusu kamba na malori. Habari ya mtoto wangu sikumwambia. Akasema, "Basi tuandike upya ile habari." Anataka kuongea na madereva, na polisi wa barabarani, na shule. Ana hotuba tayari, mwanamke huyu. Nadhani huwa analala nazo.

Jumatano, 10 Septemba

Madereva wamesema wakisimama kuwafukuza, mzigo unaibiwa. Mmoja alimwambia Mindra, "Mama, mimi naangalia mbele. Nyuma iko ya Mungu."

Jumamosi, 13 Septemba

Baiskeli yake bado iko dukani, na yeye nimemwona kwenye video nyingine. Amepanda ya kuazima. Kitambaa kile kile.

Jumatatu, 15 Septemba

Shule imefunguliwa. Mvua kubwa, lami inang'aa kama samaki. Simsim, yaani ufuta, imechelewa kukauka mashambani huko Dranya, watu wanalalamika. Mimi nalalamika moyoni tu.

Jumamosi, 20 Septemba

Sule ameanguka.

Trela lilikanyaga shimo kwenye kona, kamba ikaruka, yeye alikuwa wa pili. Wa nyuma yake alikuwa Shakirah. Aliachia kamba akaingia kwenye majani, akachubuka viwiko tu. Sule aliingia barabarani. Gari dogo lililokuja nyuma lilimkwepa nusu, likamgonga mguu.

Okuonzi ndiye aliyekuja kuniambia, na hakusema ni nani. Alisema tu, "Mzee, mmoja wa wale watoto wenye jina lako." Nilikimbia kutoka dukani mpaka hospitali kwa miguu na tumbo hili, kandambili moja imepotea njiani, nikamkuta Shakirah kwenye benchi na matope mpaka kwenye nyusi. Nikamshika kichwa, mabega, mikono, kama mtu anayenunua mbuzi. Akasema, "Mimi mzima, Bamdogo." Nikaketi chini sakafuni kwa sababu benchi lilikuwa mbali.

Mama yake Sule alikuwa pale, Suzan, anauza samaki wakavu sokoni. Hakunitukana. Alinikabidhi shati la mwanawe nimshikie wakati anasaini, limekatwa na mkasi, na mgongoni limeandikwa jina langu.

Mguu umevunjika mara mbili, paja na chini. Wamempeleka Arua kwa gari la wagonjwa. Ataishi. Kutembea, wamesema tungoje.

Jumatano, 24 Septemba

Nilikwenda Arua kumwona Sule. Nilimpelekea juisi na redio. Nilikuwa na vichekesho vitano tayari, sikutoa hata kimoja. Mguu umening'inizwa kwa vyuma. Vijana wenzake sita walikuwa wamezunguka kitanda, Shakirah katikati.

Walikuwa hawalii. Walikuwa wanachambua, kama baada ya mechi.

"Ulijikaza," mmoja akamwambia Sule. "Nilikuona. Uliweka mkono mbele."

"Ni kweli," Sule akasema, midomo imekauka. "Sikulegeza. Mzee, nisamehe. Nilisahau kulegeza."

Aliniomba mimi msamaha. Mtoto huyo, na vyuma hivyo.

Shakirah akasema Jumamosi wote wanashika kamba, kumi na zaidi, kwa ajili ya Sule, mpaka Oraba kabisa bila kuachia. Yeye wa kwanza. Wakagonganisha ngumi juu ya kitanda. Nikasema, "Hapana, hapana, jamani," na Shakirah akanipiga begani polepole: "Wewe ulikuwa peke yako, Bamdogo. Sisi tutakuwa wengi. Itakuwa rahisi."

Alhamisi, 25 Septemba

Kaltumu ameongea leo. Miaka yote hii ninapohadithia, yeye huenda jikoni. Leo hakwenda.

"Baba Hamuza, mtoto akifa Jumamosi, utasema nini kwa Asuman? Utamwambia mayai yalikuwa mangapi?"

Nikamwambia hawataacha hata nikisema. Nikamwambia jina langu mjini ni hilo tu, nikiliondoa nitabaki mtu wa pancha. Kaltumu akasema mtu wa pancha ndiye aliyemwoa, na hakumbuki kulalamika.

Nikaenda kwa Mindra, nikamwambia yote. Mindra alivua miwani. Nilifikiri atanichoma sindano kweli. Akasema, "Kesho saa kumi, uwanjani. Nitawaita. Utasema mwenyewe."

Ijumaa, 26 Septemba

Walikuja. Kama thelathini hivi, na baiskeli zao, na klabu nzima na fulana nyeupe, na Kaltumu, na Okuonzi aliyeacha abiria. Mvua ilikuwa imeacha muda si mrefu, uwanja umekuwa uji.

Nikasimama mbele.

Nikasema, "Ile hadithi ya lori ni uongo. Haikutokea."

Wakacheka! Makofi na miluzi. Mvulana mmoja akapaza sauti, "Wazee wamekaa kikao wamemwambia aseme hivyo!" Mwingine: "Mzee, wamekupa ngapi?" Nikaapa. Nilipoapa wakacheka zaidi. Wamezoea kunicheka nikiapa, nimewazoesha mwenyewe.

Shakirah alinisogelea, uso wake una huruma. "Bamdogo, usijishushe hivyo. Najua Mama Mindra amekulazimisha. Unasema uongo ili nisife. Nakupenda, lakini kesho nakwenda."

Angalia mahali nilipofika: mara yangu ya kwanza kusema kweli juu ya jambo hili, na ndiyo wameiita uongo.

Nikamwambia, "Lete baiskeli."

Kaltumu akajifunika uso kwa kanga.

Shakirah akanipa baiskeli ya mvulana mmoja, ile ngumu niliyoikaza mwenyewe. Nikaishika usukani kama ninavyoishika dukani, vizuri kabisa, kifundi. Halafu nikatakiwa kupanda. Sikujua mguu upi unaanza. Niliinua wa kulia, kanzu ikakamata kiti, nikarukaruka na mmoja. Nikakaa. Nikakanyaga. Baiskeli ikaenda upande wake na mimi upande wangu, nikaanguka na tumbo, matope yakaingia mpaka kwenye meno.

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Hata Mindra. Walifikiri ni kichekesho kingine.

Shakirah hakucheka. Alikuwa anatazama miguu yangu.

"Panda tena," akasema.

Nikapanda tena. Nikaanguka kabla ya kukanyaga.

"Tena. Usimshike mtu. Nitazame mimi."

Mara ya tatu niliogopa. Nilikwenda labda urefu wa kitanda, nikapiga kelele kama mtoto, nikaachia usukani wote kwa mikono miwili. Goti likapasuka. Nilibaki pale chini, mtu wa miaka hamsini na nne, mbele ya mji wangu. Nilisikia kicheko kinapungua, mmoja mmoja, kama mvua inavyoacha kwenye bati.

Shakirah akachuchumaa, akashika kifundo cha mguu wangu, akakigeuza, kama fundi.

"Hajui," akawaambia wenzake bila kuinua kichwa. "Haigizi. Miguu yake haijui kabisa."

Mvulana mmoja akauliza, "Sasa kulegeza mwili alikujua wapi?"

Nilijibu mimi: "Nilibuni tu. Ilisikika vizuri."

Shakirah alisimama, akaniacha kwenye matope, akaondoka uwanjani kwa miguu.

Jumamosi, 27 Septemba

Malori yaliondoka asubuhi. Nilikaa mlangoni na goti langu limefungwa, nikayasikia yanabadilisha gia kwenye kilima, moja moja. Mindra na Okuonzi walikuwa huko juu. Mindra amepiga simu: wavulana wawili walikuja na baiskeli, wakakaa kwenye jiwe, wakatazama malori yakipita, wakarudi. Jumamosi ijayo hajui. Anasema tutakwenda tena, na nikae nyuma safari hii, nibebe maji.

Shakirah yuko uani anatwanga karanga. Anatwanga kwa nguvu, kinu kinaruka. Wenzake wa shule wamemwita mtoto wa mayai. Kaltumu alimwambia aniletee chai, akaiweka chini karibu na mlango, ikamwagika kidogo, akarudi kwenye kinu. Amenikasirikia sana. Yuko uani, mzima, na amenikasirikia. Nimeinywa chai yote.

Mindra, usikate chochote humu. Wapelekee Arua hivi hivi, na yule mama aliyemwaga soda asomewe kwa sauti. Ile bahati niliyojisifia siku ya kwanza ni uongo. Sikushika kamba ya lori lolote, sikuanguka, hakuna lori lililopita juu yangu, na baiskeli sijui kuendesha.